Siti ya dereva inang'aa na kunata, je ngozi imekauka?

Swali nimeletewa na dada mmoja, nalifupisha ili wote twende pamoja. Kanunua gari iliyotumika, siti ni za ngozi rangi ya krimu. Siti ya dereva inang'aa kama imepigwa vanishi, na ule ukingo wa pembeni unaopitia kila ukipanda una mistari mistari midogo. Kuna mtu akamwambia ngozi imekauka, ina kiu, apake mafuta ya nazi. Kapaka mara mbili, siku za mwanzo ikapendeza kweli, baada ya hapo ikaanza kunata na kushika vumbi, na saivi kuna kivuli cha bluu cha suruali za jinsi pale anapokalia. Anauliza vitu vitatu: apake nini, apake kila baada ya muda gani, na hiyo mistari kama inapona.

Dada yangu, pole, alafu nikutoe wasiwasi mapema: kwa maelezo yako hiyo siti haijafa, imechafuka tu, na hayo mafuta yanatoka. Ila kabla sijakwambia upake nini inabidi uelewe unapaka juu ya nini, manake hapo ndo wengi wanakosea, na hata mimi miaka ya mwanzo ya kazi hii ya kusafisha ndani ya magari nilikuwa naamini hivo hivo kwamba ngozi ni ngozi, ikikakamaa ipe mafuta.

Ngozi ya siti za magari mengi ya siku hizi haiko wazi. Kiwandani inapigwa rangi juu, tabaka jembamba sana lenye poliuretheni ndani yake, yaani jamii ya plastiki, kisha juu ya hiyo rangi linapigwa tabaka lingine lisilo na rangi la kulinda. Kwa hiyo wewe ukipitisha kiganja kwenye siti hugusi ngozi, unagusa rangi, kama ambavyo ukigusa boneti hugusi bati. Sasa hayo mafuta ya nazi yangepita wapi? Yamebaki juu, yakachanganyika na jasho na vumbi, ndo kunata kwenyewe huko, na nguo ikikaa juu ya kitu kinachonata inaacha rangi yake hapo. Ushauri wa kupaka mafuta haujatoka hewani lakini. Umetoka kwenye mabuti ya kazi na matandiko ya farasi, ngozi nene ambayo haijapigwa plastiki juu, ile kweli inakunywa mafuta na inayahitaji. Siti ya gari ni kitu kingine kabisa.

Na kuhusu kung'aa. Siti ya ngozi ikiwa mpya haing'ai, rangi yake imetulia, haikumuliki. Ukiona inametameta ujue vile vibonde vidogo vidogo vya ngozi vimejaa mafuta ya mwili, jasho na vumbi mpaka vimesawazika, ndo maana mwanga unarudi kama kwenye kioo. Angalia siti ya nyuma ambayo watu hawakai sana, alafu angalia ya dereva, utaona tofauti bila kuambiwa na mtu. Huo uchafu ndo adui namba moja, kuliko hata jua, manake kila ukipanda na kushuka unasugua zile chembe za vumbi kwenye rangi kama msasa, na jasho nalo linalainisha rangi taratibu, mpaka siku moja pale kwenye ukingo rangi inaanza kukatika. Watu wanasema ngozi imepasuka kwa ukavu. Mara nyingi kilichopasuka ni rangi, na imepasuka kwa kusuguliwa ikiwa chafu.

Kabla ya kugusa kitu fanya jaribio moja, dakika mbili tu. Tafuta sehemu isiyoonekana sana ya pale unapokalia au kuegemea, kama kona ya ndani siti inapokutana na mgongo wake, ifute, weka tone moja la maji safi usubiri. Tone likikaa juu kama shanga basi ni ngozi iliyopakwa rangi na yote nitakayosema hapa yanakuhusu. Likizama na kuacha doa jeusi ni ngozi ya anilini, yaani imetiwa rangi ya kupenya lakini haina lile tabaka la juu, zipo kwenye baadhi ya magari ya bei mbaya, na hiyo inanyonya kila kitu, maji, jasho, hata dawa ya kusafishia. Niliwahi kuletewa siti za namna hiyo zimetoka kuoshwa sehemu fulani kwa sabuni ya unga na maji mengi, zimekakamaa na mabaka kila mahali, na yule mwenye gari alikuwa bado anaamini nitapaka kitu zirudi. Hazikurudi. Iliniuma sana kumwambia.

Kitu kingine cha kuangalia, siyo kila panapoitwa ngozi ni ngozi. Magari mengi yana ngozi pale unapokaa na kuegemea tu, pembeni ya siti, mgongoni mwa siti na kwenye milango ni vinili, yaani plastiki iliyotengenezwa ifanane na ngozi. Kusafisha unasafisha yote kwa dawa ile ile haina shida, ila kondishena, yaani losheni ya kupaka ngozi baada ya kuisafisha, kwenye vinili unaipoteza bure.

Haya, vifaa. Vakyumu (mashine ya kunyonya vumbi) yenye mdomo wa brashi, brashi moja laini (ya manyoya ya farasi ni nzuri sana, au ya kusafishia ndani ya gari yenye nywele laini), vitambaa vya maikrofaiba kama vinne au vitano vyenye rangi nyeupe au hafifu ili uone unachokitoa, maji safi kwenye bakuli, klina ya ngozi (dawa ya kusafishia) na kondishena ya ngozi. Klina tafuta iliyoandikwa ni ya ngozi ya magari, inayotumia maji, yenye pH (kipimo cha asidi, 7 ndo katikati) ya katikati au asidi kidogo. Hii ya pH siyo maneno ya kuuzia chupa: ngozi nyingi zinatengenezwa kiwandani kwa chumvi za kromiamu na zinatoka zikiwa na asidi kidogo, wakati sabuni ya mche na ya unga zipo kwenye 9 kwenda juu, kwa hiyo ukiosha na hizo mara kwa mara unachosha lile tabaka la juu, na pale lilipokatika zinaingia kwenye ngozi yenyewe na kuifanya ngumu. Brandi gani? Kusema ukweli mimi sina ugomvi na brandi, ikiwa imetimiza hayo niliyosema inatosha, mikono na vitambaa safi vinafanya kazi kubwa kuliko chupa.

Paki kivulini, fungua milango, subiri siti zipoe. Siti ya moto inakausha klina kabla hujafuta na inaacha alama. Anza na vakyumu na usiharakishe hapa, sogeza siti mbele na nyuma, panua mikunjo kwa vidole, pitisha kwenye mishono yote, manake mchanga ukibaki alafu ukaleta brashi yenye povu juu yake umeshatengeneza msasa wa maji.

Alafu gawa siti vipande, kimoja kimoja. Klina usiipulize kwenye siti, ipulize kwenye brashi, na hasa kama siti zako zina yale matundu madogo ya kupitisha hewa, manake maji yakiingia humo yanaenda kwenye sponji, na chini ya sponji kunaweza kuwa na waya za kupasha joto, feni, na kwenye siti ya abiria wa mbele mara nyingi kuna kihisi kinachojua kama mtu amekaa ili eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga) ijue ifanye nini. Hivi vitu havipendi kulowa. Brashi iwe na unyevu, isidondoshe. Sugua mizunguko midogo midogo kwa mkono mwepesi, uzito wa brashi yenyewe karibu unatosha, na uangalie povu. Hapa ndo utaamini ninachosema: povu linaanza jeupe, baada ya mizunguko kama kumi linakuwa rangi ya udongo, kwenye siti yako na hayo mafuta linaweza kuwa kahawia kabisa. Lifute hapo hapo na kitambaa chenye unyevu, usiliache likauke, geuza upande safi wa kitambaa, futa tena, alafu kausha na kingine. Kuna mzee aliniletea gari akaniambia siti zake ni rangi ya kaki, na alikuwa anaamini hivo kabisa manake alikuwa nayo miaka. Nikasafisha kipande kimoja tu kama ukubwa wa kiganja katikati ya siti, nikamwita. Kilikuwa krimu. Alisimama pale mlangoni hasemi kitu, kisha akaweka kidole kwenye mpaka wa kaki na krimu akaupitisha taratibu mpaka mwisho.

Kwa sababu ya mafuta ya nazi wewe raundi moja haitatosha. Piga ya kwanza, futa, kausha, pitisha kiganja kikavu. Kama kinateleza au kinanata rudia, mara ya pili na ya tatu, mpaka siti iwe haiteleze na rangi imetulia. Raundi tatu za mkono mwepesi ni salama kuliko raundi moja ya nguvu. Usishawishike kumaliza kazi haraka kwa spiriti, asetoni, thina au petroli, hizo zinatoa mafuta kweli na rangi zinatoka nayo, utaiona krimu yako kwenye kitambaa. Na zile siponji nyeupe zinazosifiwa kufuta kila kitu, za melamini, nazo kaa nazo mbali, zinafanya kazi kwa sababu ni msasa laini sana, zinakula lile tabaka la juu na utapenda matokeo siku hiyo tu. Vitambaa vya kufutia watoto navyo watu wanavitumia kila siku wakidhani ni vya upole kwa vile ni vya watoto, ni vya upole kwa ngozi ya mtoto, rangi ya siti ni habari nyingine, mara moja kwa dharura sawa ila isiwe mazoea. Dawa ya viatu sitaki hata kuisikia kwenye siti, itahamia kwenye nguo zako zote.

Kwenye mishono tumia mswaki laini kufuata uzi, siyo kuukata. Uzi mweupe unashika uchafu kuliko ngozi na ukiuacha siti nzima inaonekana bado chafu.

Ule ubluu wa jinsi. Sehemu kubwa nadhani itatoka na hizo raundi, kwa sababu kwako umeshikwa na yale mafuta yaliyo juu ya rangi, haujakaa muda mrefu. Rangi ya jinsi ikikaa miezi na miezi kwenye siti, hasa ya rangi hafifu na kwenye joto, inazama kwenye lile tabaka la juu na hapo klina inatoa kiasi tu. Dalili ya kuacha ni kitambaa: kama kitambaa cheupe hakichukui tena bluu basi kilichobaki kiko ndani, kuendelea kusugua ni kujitafutia hasara. Kinachobaki kinafunikwa na rangi, nitakuja huko chini.

Sasa kondishena, ndo swali lako la kwanza. Acha siti ikauke vizuri kwanza, saa moja hivi milango ikiwa wazi. Chagua inayotumia maji, ambayo haiahidi kung'aa. Chupa ikiwa na picha ya siti inayomulika kama kioo irudishe, hizo nyingi ni silikoni, zinateleza ukikaa na zinashika vumbi, utakuwa umerudi kule kule kwenye mafuta. Matone machache kwenye kitambaa au siponji, siyo kwenye siti, sambaza nyembamba sana, kiasi kwamba unajiuliza kama umepaka kitu. Iache robo saa au kama chupa inavyosema, kisha chukua kitambaa kikavu ufute yote iliyobaki juu. Kilichobaki juu hakisaidii chochote, kinasubiri vumbi tu. Usikae hapo saa moja mbili.

Nikwambie ukweli ambao wauzaji hawaupendi: kwenye ngozi iliyopakwa rangi kondishena haiingii sana ndani. Kidogo inapita kwenye mishono, kwenye matundu na pale rangi ilipochoka. Kazi yake kubwa ni pale juu, inapunguza msuguano wa nguo, inafanya uchafu usishike haraka, na nyingine zina kinga dhidi ya jua. Ni kazi nzuri na mimi naipaka kwenye gari zangu, ila siyo dawa ya kuponya, na ukipaka juu ya siti chafu umefungia uchafu ndani. Wapo wanaouza pia dawa ya kulinda tu, inayokaa kama pazia jembamba juu ya rangi, kwa siti ya krimu na mtu anayevaa jinsi kama wewe hiyo ina maana zaidi kuliko kondishena yenyewe, manake bluu itakaa juu ya hiyo dawa na utaifuta kirahisi.

Kila baada ya muda gani? Siti ya dereva ifute kila wiki kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji safi, sekunde thelathini, hasa ule ukingo wa pembeni na pale mgongo wa chini unapoegemea. Usafi kamili wa klina na brashi siti ya dereva kila miezi miwili au mitatu, siti nyingine mara mbili kwa mwaka zinatosha labda kama kuna watoto na mbwa. Kondishena baada ya huo usafi, kwa hiyo siti ya dereva ni mara nne mpaka sita kwa mwaka, zaidi ya hapo unapaka kwa kujifurahisha. Na ukipaki juani weka pazia la kioo cha mbele, manake jua kali likipiga kila siku rangi inapauka na kukakamaa hata kama unaisafisha vizuri, na siti nyeusi ndani ya gari iliyofungwa juani inafika joto ambalo huwezi kuweka paja.

Nirudi kwenye mistari yako. Ikishakuwa safi kabisa iangalie karibu, mwanga ukitokea pembeni. Kama ni mikunjo tu, yaani rangi imefuata mkunjo lakini haijakatika, huko ni kuzeeka kwa kawaida, ngozi iliyokaliwa inakunjamana kama mkono wa mtu, haipo dawa wala haihitajiki. Kuna wakati mistari yote unayoiona ni uchafu uliolala kwenye mikunjo na ikisafishwa nusu yake inapotea, kwa hiyo usihukumu kabla ya kuosha. Ila ukiona ndani ya mstari rangi ni tofauti, kuna kijivu au kahawia ya ngozi mbichi, au kingo zinajikunja na ukipitisha ukucha unakwama, hapo rangi imekatika na hakuna kondishena duniani itakayounganisha. Dawa yake ni kurekebisha rangi: panasafishwa kwa dawa kali kidogo ya kutoa mafuta yote, panapigwa msasa laini sana, nyufa zinajazwa na pasta maalumu ya ngozi, panapakwa rangi iliyochanganywa kulingana na siti yako tabaka nyembamba nyembamba, kisha tabaka la kulinda juu. Kwa eneo dogo kama ukingo wa siti mtu mwenye mkono uliotulia anaweza kujifanyia, kazi ngumu ni kupata rangi inayofanana, krimu zipo za aina nyingi kuliko unavyodhani. Ikiwa eneo ni kubwa mpe fundi wa ngozi, na umwambie ulipaka mafuta ya nazi, hilo usimfiche, manake mafuta yakibaki rangi mpya haitashika, itababuka kama ngozi ya nyoka ndani ya miezi michache na mtalaumiana bure.

Fanya mapema ikiwa bado nyembamba. Ufa mdogo ukiachwa, jasho na uchafu vinaingia kwenye ngozi yenyewe, ndo hapo ngozi inakauka kweli na kuchanika, na hapo hatuzungumzii rangi tena, ni kubadilisha kipande kizima na kushona.

Anza na lile tone la maji. Likikaa juu endelea na vakyumu kama nilivyoeleza, ukianza na kipande kimoja tu cha siti ya dereva uone kinavyotoka. Likizama acha kila kitu kama kilivyo, usifungue chupa yoyote, niandikie kwanza.